Aya Nane Zilizorukwa

Jioni ya Jumamosi, tarehe 13 Januari 2024, nilikaa barazani kwenye nyumba za walimu, Misale ya Waumini, kitabu cha masomo na sala za Misa, magotini, nikijiandaa kusoma somo la kwanza katika Misa ya kesho yake. Ilikuwa Dominika ya 2 ya Mwaka B. Somo lenyewe nilikuwa nalijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: mtoto Samweli amelala hekaluni, anaitwa kwa jina, anamkimbilia mzee Eli, anaambiwa hakuitwa, akalale. Mara tatu. Mara ya nne anajibu, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Sikumbuki semina ya miito niliyohudhuria ambayo somo hilo halikusomwa. Tumeliigiza, tumeliimba, tumelichora kwenye mabango ya Dominika ya Mchungaji Mwema. Jioni ile nililisoma kwa sauti mara tatu, kama msomaji anavyopaswa kufanya, na mara ya tatu ndipo jicho lilipotua kwenye rejea iliyoandikwa juu ya somo: 1 Sam 3:3b-10, 19.

Kumi, halafu kumi na tisa.

Nilikuwa na miaka 28. Kwa miaka minne nilikuwa nikijiuliza kama Mungu ananiita niwe padre, na katika miaka hiyo haikupita siku bila kuifungua Biblia. Sura hiyo ya tatu nilikuwa nimeisoma mara zisizo na idadi, lakini kila mara nilikuwa naishia pale wanapoishia wote, kwenye "Nena". Nikaingia ndani, nikachukua Biblia nzima, nikatafuta aya nane zilizobaki katikati.

Kabla sijasema nilichokuta, inabidi nieleze nilivyokuwa nasoma hadi siku ile, maana najua vijana wengine wanasoma hivyo hivyo.

Nilikuwa napiga ramli kwa Biblia. Ni neno kali, lakini sina jingine. Baada ya kuabudu Ekaristi jioni ya Alhamisi nilikuwa narudi chumbani, nazima simu, nafumba macho, nafungua Biblia popote, naweka kidole. Usiku mmoja kidole kiliangukia Yeremia 16, aya ya 2, pale nabii anapokatazwa kuoa mke wala kuwa na wana na binti mahali pale. Nililia. Wakati huo nilikuwa na mchumba, mwalimu mwenzangu wa shule nyingine. Kwao walikuwa wananifahamu, shangazi yangu alikuwa ameshaanza kuuliza barua ya posa inapelekwa lini. Nikaona nimejibiwa. Kesho yake, kwa kutaka kuthibitishiwa, nikafanya vilevile, na kitabu kilekile kikanipa sura ya 29, aya ya 6: oeni wake, mkazae wana na binti.

Nabii ni yuleyule. Nilikaa na Biblia ile wazi mpaka taa ya sola ikafifia. Baadaye nilipozisoma sura hizo mbili kwa utulivu niliona nilivyozionea. Neno la kwanza aliambiwa Yeremia mwenyewe, ndani ya Yerusalemu iliyokuwa inaelekea kuangamia; kukaa kwake bila mke kulikuwa ishara ya kutisha kwa mji ule, kwamba watoto wanaozaliwa pale watakufa kwa upanga na kwa njaa. Neno la pili lilikuwa barua kwa watu waliokwisha kuchukuliwa uhamishoni Babeli, waliokuwa wanadanganywa na manabii wa uongo kwamba watarudi upesi. Mungu akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji uliowateka. Watu wa kwanza walikuwa wanaingia kwenye mauti na wa pili walikuwa wametoka kwenye maangamizi, nami nilikuwa nimechukua msiba wao nikaugeuza kuwa sarafu ya kurusha juu.

Likizo iliyofuata nilikwenda Peramiho. Ni kilomita kama 24 kutoka Songea mjini, na Wabenediktini wapo pale tangu 1898. Nilitaka siku tatu za ukimya, lakini zaidi nilitaka mtu wa kunisikiliza. Nikapelekwa kwa padre mmoja mzee, mtawa, ambaye kazi yake iliyobaki ilikuwa kuungamisha na kusali. Nilimsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikia, "Milele amina. Kaa, mwalimu." Nikamweleza yote, pamoja na kidole na Yeremia. Nilipoona anakunja uso nikajitetea kwa Mtakatifu Augustino: si naye mwaka 386 kule Milano alisikia sauti ya mtoto ikimwambia achukue asome, akafungua barua kwa Warumi, akakuta sura ya 13, maisha yake yakageuka?

Mzee alifikiri kidogo. "Augustino siku ile," akasema, "alikuwa ameshakaa chini ya mahubiri ya Askofu Ambrosi kwa muda. Mama yake alikuwa ameshamlilia kwa miaka mingi. Rafiki yake Alipi alikuwa palepale bustanini naye. Na muda mfupi kabla alikuwa amesimuliwa habari za Antoni wa Misri, ambaye neno lake alilisikia kanisani likisomwa kwa watu wote. Wewe ulikuwa na nani?"

Nikamwambia nilikuwa peke yangu chumbani.

"Basi rudi Songea. Fundisha watoto hesabu. Ulale. Mwaka mzima usiifungue Biblia kujitafuta mwenyewe. Soma masomo ya Misa ya siku, hayohayo wanayosoma wenzako wote, hata kama hayakuhusu. Hasa kama hayakuhusu."

Niliondoka nimeumia. Nilikuwa nimetegemea aniandikie barua kwa mkurugenzi wa miito, au angalau aniambie anaona nini kwangu, naye ameniambia nikalale. Nilipanda basi la kurudi mjini nikiwa na hakika kwamba mzee amechoka na hakunielewa.

Nilitii, kwa shingo upande. Na ninaweza kusema sasa kwamba mwaka ule wa masomo ya siku ndio uliofanya nianze kuisikia Biblia. Ukifuata kalenda ya Kanisa huchagui. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, una vipindi sita, mwanafunzi mmoja kidato cha tatu amefiwa na mama yake, na somo la siku ni orodha ya majina ya mababu wa Yesu. Unalisoma. Siku nyingine ni sheria za Walawi juu ya ukoma. Unalisoma. Polepole unazoea kukaa mbele ya maneno ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya kukujibu wewe, na unaanza kuwaza walioandikiwa. Nilipokwenda kwenye msiba wa mama wa yule mwanafunzi niligundua kwamba naweza kukaa na familia ile bila kutafuta neno la kusema, jambo ambalo zamani sikuliweza. Sijui kulieleza zaidi ya hapo.

Katika mwaka huohuo nilikutana upya na tajiri yule wa Marko sura ya 10. Habari zake ziko kwa Mathayo na kwa Luka pia, lakini ni Marko peke yake anayesema kwamba Yesu alimkazia macho, akampenda. Na alimpenda kabla ya jibu, akijua au asijue kwamba mtu yule ataondoka na huzuni. Injili haisemi kwamba baada ya kukataa alinyang'anywa upendo ule. Nilikuwa nimeishi miaka minne na hofu ambayo sikuwahi kuitamka hata kitubioni: kwamba nikioa, Mungu atanitazama maisha yangu yote kama mtoro. Hofu hiyo ndiyo ilikuwa inanisukuma seminarini, si upendo. Ilipoanza kulegea nilishangaa kukuta kwamba hamu ya upadre haikulegea pamoja nayo. Ilibaki, tena ikawa tulivu.

Hapo ndipo nilipoweza kumwambia mchumba wangu ukweli bila kumtupia aya usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama unaniacha, niache kwa sababu unajua unakokwenda. Usiniache kwa sababu ya kidole." Nilikuwa nimewahi kumsimulia usiku ule wa Yeremia. Alistahili kuambiwa mapema zaidi, na hilo nimeliungama. Ameolewa sasa, mkoa mwingine. Namwombea kila Jumamosi.

Nirudi kwenye zile aya nane.

Baada ya Samweli kusema "Nena", Mungu ananena, kuanzia aya ya 11 hadi ya 14. Anamwambia mtoto kwamba atatenda jambo katika Israeli ambalo kila atakayelisikia masikio yatamwasha. Ataihukumu nyumba ya Eli, kwa sababu wanawe walijiletea laana na baba yao hakuwazuia. Basi. Hakuna mahali anapomwambia Samweli kwamba amemteua awe nabii, wala kwamba atawapaka mafuta wafalme wawili. Habari ya Samweli mwenyewe haimo hata kidogo. Aya ya 15 mtoto analala mpaka asubuhi, anafungua milango ya nyumba ya Bwana kama alivyozoea kila siku, na anaogopa kumwambia Eli. Aya ya 16 Eli anamwita: Samweli, mwanangu. Na mtoto anajibu kwa maneno yaleyale aliyokuwa anayasema usiku akikimbia gizani: "Mimi hapa."

Nilihesabu. Katika sura ile Samweli anasema "Mimi hapa" mara tano. Nne za kwanza amekosea, anadhani ni Eli anayemwita. Ya tano hakosei. Ni Eli kweli, na mtoto sasa anajua kilichomo kinywani mwake. Mara ya tano imo ndani ya aya zinazorukwa.

Simlaumu aliyepanga masomo. Misa ina muda wake, na Injili ya Dominika ile ni Yohane 1:35-42, wanafunzi wawili wanaomfuata Yesu na kuulizwa wanatafuta nini. Walitaka somo la wito likae karibu na Injili ya wito. Hata siku za kawaida, Jumatano ya juma la kwanza, mwaka wa shufwa, somo linaruka hapohapo, kutoka 10 hadi 19. Ninaelewa. Lakini kwa mtu kama mimi madhara yake ni haya: nilikua nikidhani kwamba "Nena" ni mwisho wa habari, na kwamba kitakachofuata baada ya kusema "Nena" ni Mungu kunieleza mimi nitakuwa nani. Wakati kilichofuata ni Mungu kueleza watu wake wamefanyiwa nini.

Walikuwa wamefanyiwa nini? Ukirudi sura ya pili unakuta. Hofni na Finehasi walikuwa makuhani. Mtu alipoleta sadaka, nyama ikiwa inachemka, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wa meno matatu, akauchoma sufuriani, na chochote kilichopanda na uma kilikuwa cha kuhani. Wengine walidaiwa nyama mbichi hata kabla mafuta ya Bwana hayajateketezwa, na wakikataa waliambiwa itachukuliwa kwa nguvu. Na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema walitendewa mabaya zaidi, aya ya 22 inasema wazi. Watu walijua. Eli alisikia. Akawakemea kwa maneno, akawaacha kazini.

Niliposoma habari ya uma ule nilimwona baba yangu.

Kwetu ni Umatengo, kwenye vilima vya Mbinga, mahindi na maharage kwenye ngolo, mashamba yetu ya mashimo mlimani, na kahawa kuzunguka nyumba. Nilipokuwa darasa la tano kigango chetu, tawi la parokia, kilichangishana kuezeka kanisa. Baba alitoa magunia mawili ya kahawa, mwaka ambao tuliyahitaji. Dada yangu alichelewa kuanza kidato cha kwanza kwa sababu yake. Wengine walitoa mbuzi, wengine fedha. Kahawa iliuzwa, fedha ikakabidhiwa kwa padre aliyekuwa akituhudumia, na bati hazikuja. Padre alihamishwa, hesabu haikusomwa, na walioulizia waliambiwa wasimseme vibaya mtumishi wa Mungu. Sitataja zaidi, na nimeshawasikia mapadre wengi wema wakiumia kwa mambo ya namna hiyo kuliko waumini wenyewe. Baba hakuacha dini. Kila Jumapili anakwenda. Ila haingii, anakaa nje, chini ya mwembe, mpaka wakati wa Komunyo, anaingia, anapokea, anatoka.

Nilipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba nafikiria upadre, alikuwa anaanika kahawa. Hakuinua kichwa. "Mimi sina mtoto wa kuwapa wale," akasema, akaendelea kuisambaza kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nilimhesabu kama kikwazo. Katika sala zangu nilimwombea alegee moyo. Niliwaambia rafiki zangu wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, kwamba nina msalaba, baba yangu hajasamehe. Wakanihurumia.

Na mama? Mama ni fundi cherehani. Anashona kanzu za watumikiaji wa kigango chetu, na yangu ya kwanza aliishona mwenyewe nikiwa na miaka tisa. Siku moja, nikitaka kumtia moyo, nilimsomea habari ya Hana, mama yake Samweli, aliyemshonea mwanawe joho dogo na kumpelekea kila mwaka. Mama anaijua Biblia kuliko mimi. Aliniacha nimalize, akasema, "Hana alipewa wengine watano baada ya huyo. Mimi nina wewe na dada yako." Kisha akaendelea na pindo lake. Hakukataa, na hajawahi kukataa, lakini alitaka nijue hesabu yenyewe ilivyo.

Likizo ya Juni mwaka ule nilikwenda nyumbani. Juni kwetu ni baridi, watu hawaondoki jikoni. Baada ya sala ya jioni nikamwomba baba ruhusa nisome somo refu kidogo. Nikaanza sura ya pili ya Samweli wa kwanza, sikuruka kitu. Nikasoma uma wa meno matatu. Nikasoma nyama mbichi. Nikaendelea.

"Rudia hapo pa uma," baba akasema.

Nikarudia.

"Hayo yamo humo?"

"Yamo, baba."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Alinyamaza muda mrefu. Mama alisogeza kuni. Nikasoma sura ya tatu, nikapita pale wanapoishia wote, nikaingia kwenye zile aya nane. Nilipomaliza baba aliuliza yule mzee alisemaje alipoambiwa. Nikamsomea aya ya 18: "Ndiye Bwana, na afanye alionalo kuwa ni vema." Akauliza tena, "Na mtoto, hakuogopa?" Nikamwambia aliogopa; alilala mpaka asubuhi, akafungua milango, akaogopa, lakini alipoulizwa hakumficha mzee hata neno moja.

"Mtu wa namna hiyo," baba akasema, "ningempa gunia langu."

Akaaga, akaenda kulala.

Sikulala mimi. Miaka yote nilidhani malalamiko ya baba yako upande mmoja na Neno la Mungu liko upande wa pili, na kazi yangu ni kumvusha. Kumbe yamo ndani ya Neno lenyewe, tena Mungu ndiye anayeyatamka, tena ni ya kwanza kabisa kuambiwa kijana aliyeitwa. Niliona aibu kwa sala zangu. Nilikuwa nimemwomba Mungu amnyamazishe mtu ambaye pengine ndiye aliyekuwa ametumwa kwangu. Kama siwezi kukaa na baba yangu chini ya mwembe na kusikia habari ya bati mpaka mwisho, bila kumtetea mtu, bila kumharakisha asamehe, nitakaaje kitubioni na watu nisiowajua?

Na hapo ndipo nilipomwelewa Eli, na yule mzee wa Peramiho pia. Eli ameshindwa nyumbani kwake, macho yake yamepata giza, hukumu yake imeshaandikwa. Lakini bila yeye Samweli angekimbia huku na huku usiku kucha. Mtoto alisikia sauti asijue ni ya nani. Mzee hakusikia kitu, na ndiye aliyejua. Na dawa yake ya kwanza, mara mbili nzima, ilikuwa "kalale". Nilivyolichukia neno hilo kwenye basi la Peramiho! Hata katika Injili ya Dominika ile ile, Andrea na mwenzake hawajiendei. Ni Yohane Mbatizaji anayewaonyesha. Na Petro, Petro mwenyewe, analetwa kwa mkono na ndugu yake.

Kanisa limeliweka jambo hili wazi kuliko tunavyolihubiri. Katekisimu namba 1578 inasema hakuna mwenye haki ya kupokea Daraja Takatifu. Mtu huitwa na Mungu, na anayedhani ameona dalili za wito lazima ayaweke matamanio yake mbele ya mamlaka ya Kanisa. Barua kwa Waebrania, sura ya 5, inasema hakuna ajitwaliaye mwenyewe heshima hiyo. Na katika ibada ya upadrisho, ambayo wengi tumeihudhuria tukiwa tumebanana uwanjani huku kwaya zikishindana, kuna dakika moja inayopita haraka sana. Shemasi anayepadrishwa anaitwa kwa jina, anaitikia kwamba yupo. Kisha askofu anauliza kama anastahili. Haulizwi yeye. Anajibu padre aliyewekwa kumshuhudia, na anasema ni baada ya kuwauliza watu wa Mungu. Kinywa cha mhusika kimefungwa. Katika dakika hiyo alichoruhusiwa kusema ni "Mimi hapa", na mengine yote yanasemwa na wengine.

Nilipoitafakari dakika hiyo nilitambua kwamba baba yangu ni miongoni mwa wanaoulizwa.

Sikumsemesha tena habari ya upadre. Nilipokwenda likizo nilikaa naye mwembeni siku za Jumapili, nje, hadi Komunyo. Paroko wa sasa, kijana bado, alituona, na Jumapili ya tatu baada ya Misa alikuja akaketi nasi juu ya mzizi. Baba alimsimulia habari ya magunia mawili kuanzia mwanzo. Paroko hakusema "tusameheane". Aliuliza magunia yalikuwa ya kilo ngapi, akaandika kwenye daftari.

Desemba nikapata orodha ya vinavyotakiwa kwa mwombaji: cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, cheti cha kipaimara, cheti cha ndoa ya wazazi, vyeti vya shule, taarifa ya daktari, barua ya paroko. Nikaiacha mezani, nikatoka kuchota maji. Niliporudi baba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, amevuta sanduku la bati, anatoa bahasha iliyofungwa kwenye nailoni. Cheti chao cha ndoa. Karatasi imeshakuwa ya rangi ya chai. Akanipa, akasema, "Usikikunje."

Asubuhi yake nilianza safari ya parokiani kwa miguu. Baba akasema naye anakwenda huko, anahitaji chumvi na dawa ya kahawa. Tulitembea saa moja na nusu, hatukuzungumza sana. Alinionyesha shamba la mtu aliyeng'oa mibuni yake yote akapanda parachichi. Ofisini tulimkuta dada katibu. Akashusha kitabu kikubwa cha ubatizo, akafuata mwaka, akafuata mwezi, akaufikia mstari wangu. Jina langu, la baba, la mama, la msimamizi ambaye ameshafariki. Kulia kuna nafasi ya pembeni, inapoandikwa kila kinachomtokea Mkristo baadaye. Kipaimara kimejazwa, kwa wino wa bluu. Chini yake, pa ndoa au daraja, peupe.

Dada akaanza kunakili cheti. Alipofika mahali pa sababu ya kuomba aliinua kalamu, akanitazama. Kijana wa umri wangu anayekuja kuchukua cheti cha ubatizo, sababu kwa kawaida ni moja.

"Ni cha ndoa?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajaingia.

"Cha seminari," akasema.

Dada akaandika.